Kambi ya Mwindaji Kando ya Njia ya Kibabi

Baba mkwe wangu alikaribia kufa kwa kuheshimiwa. Msicheke. Hapa Masisi nimeona watu wakiangushwa na malaria, nimeona jirani aliyeumwa na nyuki mpaka kichwa kikawa kama boga la mavuno, lakini mzee anayemalizwa polepole na sahani za wakwe zake, huyo nimemwona mmoja tu, na nusu ya zile sahani zilitoka jikoni kwangu.

Mambo yalikuwa hivi. Mama mkwe alipotutoka, Mungu amlaze pema, Papa alibaki peke yake katika nyumba yake ya mbao juu ya kilima, hapa Kibabi. Kulia kwake ni sisi, mimi na mume wangu, kitinda mimba wa nyumba. Kushoto ni mtoto wa pili na mke wake, ambaye mimi namwita Dada ingawa hatukunyonya ziwa moja. Nyumba ya mzee imekaa katikati yetu kama refa. Mtoto wa kwanza, Kaka Mukubwa, yuko Bweremana, kule chini kando ya ziwa, anauza sambaza, dagaa wa ziwa letu, na kila kinachotoka majini. Ana sauti ya soko. Akitupigia simu, mimi huiweka mezani na kuendelea kupepeta maharage uani, na sipotezi neno hata moja.

Papa mwenyewe si mzaliwa wa milima hii. Ni mtu wa msitu wa Walikale, mwindaji mtoto wa mwindaji, aliyepanda huku enzi za ujana akimfuata mama mkwe, na hakushuka tena.

Kwetu mwanaume mwenye mvi haingii jikoni. Jiko ni la mke, na mke akitangulia, mlango wa jiko unafungwa, mafiga yanapoa, na kazi ya kumlisha mzee inahamia kwa wakwe, wake za wanawe. Mkwe anapika, anafunika sahani kwa sahani, anapiga magoti, anaweka mbele yake. Mzee naye ana kazi yake: sahani hairudi ikiwa na chakula. Akiirudisha hivyo, ni kama amesimama katikati ya soko na kutangaza kwamba nyumba ya mwanawe haina mwanamke. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, na hakuna asiyeijua.

Sasa hesabuni wenyewe: wakwe wawili, tumbo moja.

Dada akipika sombe, kisamvu chetu, alikuwa anatia mawese mpaka kijiko kinasimama chenyewe wima kama askari kwenye gwaride. Mimi nikiona moshi wake, natia viazi, natia maharage, naweka juu kipande cha fromaji, jibini letu la hapa Masisi, na chumvi kwa mkono uliojaa, kwa sababu chakula kisicho na chumvi, kwetu, ni chakula cha mtu aliyekasirika. Bugali niliyompelekea Papa, nawaambia, ingeziba mdomo wa Nyiragongo na volkano isingekohoa tena. Na ile ya Dada ilikuwa kubwa kuliko yangu. Papa alikuwa anatutazama kwa zamu, anavuta pumzi kama mtu anayetaka kupanda mlima, halafu anaanza.

Wala si chakula tu. Akishika jembe, mmoja wetu anapiga kelele: "Papa, wacha! Bantu batasema nini?" Akienda kumfungua mbuzi: "Papa, ikala ku kiti!" Akiinama kuokota kijiti cha kuwashia moto: "Papa, ikala, si tuko hapa?" Wanawe walikuwa wamemchongea kiti kikubwa chenye mikono, akawa anatoka kitandani kwenda kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti kwenda kitandani, kama rais wa nchi ndogo sana. Na sisi tulijisifu. Mama yeyote aliyepita njiani alituambia: "Yule muzee, munamuchunga vizuri!" Tukavimba. Papa naye akavimba, lakini miguuni.

Siku moja, baada ya misa, wageni walikuja kumsalimu. Papa akaweka mikono kwenye kiti ili asimame, akasimama nusu, na miguu ikakataa. Alianguka kwa upande, taratibu, bila kelele, kama ukuta wa udongo ulionyeshewa usiku mzima. Macho yalikuwa wazi, yanatutazama kwa mshangao. Tulimlaza kwenye chukudu ya jirani, ile gari yetu ya mbao ya magurudumu mawili isiyojua mafuta wala fundi, tukatandika godoro juu yake, wanaume wakaisukuma mpaka kituo cha afya. Njia ilikuwa mbaya hivi kwamba Papa alifika akiwa amezinduka kwa kurushwarushwa.

Muganga wa pale ni mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alimpima Papa tansiyo, msukumo wa damu, kwenye mkono wa kushoto, akatazama, akapima na mkono wa kulia, kama vile ule wa kwanza umemdanganya.

"Anakulaka nini?" akauliza.

Hapo mimi na Dada tukaanza kusema pamoja. Dada akataja sombe, mawese, samaki wa chumvi. Mimi nikataja viazi, fromaji, maharage na supu. Tulisema kwa fahari, kila mmoja akipandisha sauti kidogo juu ya mwenzake, mpaka wagonjwa wengine wakageuka kusikiliza, na mmoja nikamwona akimeza mate.

"Na anafanyaka kazi gani?"

"Hakuna!" tukajibu kwa sauti moja. Hata kwaya haipatani vile.

Muganga akakunja kipimo chake. "Basi ugonjwa wake njo ile. Nitamupa dawa, atameza kila siku. Lakini chumvi kidogo, mafuta kidogo, na mumuache atembee, ajichotee maji, ajifanyie mambo yake. Akiendelea kuikala vile, miguu itakufa mbele yake."

Tukaanza safari ya kurudi. Kwenye kona ya mikaratusi Dada hakuweza kujizuia tena.

"Ajichotee maji! Ule muganga haiko na mukwe? Haiko na majirani?"

Habari ya kuanguka ilifika Bweremana kabla sisi hatujafika nyumbani, na Kaka Mukubwa akapanda na pikipiki. Alituketisha wote mbele ya Papa. Alisema anamheshimu kila mmoja wetu, na mtu akianza hivyo ujue anakuja na nyundo.

"Nitamubeba Papa. Bweremana kuko hopitali, kuko barabara, kwangu kuko chumba. Mutu mwenye hawezi hata kujipakulia chakula, namna gani atalala peke yake mu nyumba? Siku moja huyu mama atakuwa kwa shamba, na huyu mwingine atakuwa kwa masomo yake ya mangaribi, na Papa ataanguka. Nani atajua?"

Huyo mwingine ni mimi. Wakati ule nilikuwa mwaka wa mwisho wa shule ya jioni, nikiwa na watoto wanne na mgongo wa kulima, naingia darasani na udongo kwenye kucha. Kaka alisema kweli.

"Mavuno ya maharage ikiisha, nakuya," Kaka akamaliza. "Nakuya na moto," na moto kwetu ni pikipiki, "namubeba."

Papa alitazama mikono yake.

Jioni ile nilimpelekea sahani yangu kabla ya kwenda shuleni. Nilipopiga magoti, akasema: "Mama wa masomo." Ndivyo anavyoniita, na sijawahi kujua kama ni sifa au ni utani.

"Ndiyo, Papa."

"Bweremana ni kuzuri. Nilifikaka. Maji iko mingi, samaki iko mingi."

"Ndiyo, Papa."

"Lakini kule nitakuwa mugeni ya muke ya mutoto yangu. Mugeni banamuambiaka saa ya kulala. Hapa mulango ni yangu. Nikitaka kufungua asubuyi, nafungua. Nikitaka kununa, nanuna mu nyumba yangu." Akaelekeza kidevu kwenye migomba, pale mama mkwe alipolala. "Na ule, nani atamusalimia? Nikipanda ile moto, mama, sitarudia. Minajua."

Mimi ambaye mwalimu wa jioni aliwahi kuniambia kwamba nikizungumza hata ubao unachoka kusikiliza, nilibaki nimeshika sahani ya kufunikia. Kila mmoja wetu alikuwa anagombania kumtunza Papa, na Papa alikuwa anaomba kitu kimoja tu: abaki mwenye nyumba yake. Na Kaka alikuwa amekwisha kusema sharti, bila kujua kama ni sharti. Mtu asiyeweza kujipakulia chakula, ndiye anayebebwa.

Basi nikauliza swali la kijinga, kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikuwa na swali la akili.

"Papa, kule Walikale, mbele ya kuoa, ulikuwa unakula nini?"

"Chakula ya kambi."

"Nani alikuwa anaipika?"

Alinitazama kama vile nimemuuliza nani alikuwa anapumua kwa niaba yake.

"Weye! Na masomo yote ile! Ulizania nyama ilikuwa inajipika? Mwanamuke hafikake kwa kambi ya wawindaji. Tulikuwa wanaume tupu, mwezi muzima mu pori. Njo mimi nilikuwa mupishi! Bazee balikuwa bananililia: leo apike yule kijana, leo apike yule kijana!"

Mzee aliyekuwa hajamaliza sentensi ndefu tangu mazishi, akaanza kusema kama mto Oso wakati wa mvua. Samaki wa kijito akifungwa kwenye majani mapana na kulazwa kwenye majivu ya moto. Uyoga. Ndizi zilizochomwa na ganda lake. Na chumvi? Chumvi, akasema, ilitoka mbali kwa mgongo wa mtu, mlikuwa mnachovya kidole, mnaramba, basi. Utamu ulitoka kwenye majani ya porini na pilipili. Mafuta hayakuwepo.

Masikio yangu yalisimama kama ya sungura. Chumvi kidogo! Mafuta hakuna! Muganga angesikia, angelia kwa furaha.

"Papa," nikasema, "na kama tunakujengea kambi?"

Alikula sahani yangu mpaka mwisho, kwa sababu sheria ni sheria, akanawa mikono, akafuta mdomo. Ndipo akasema: "Moto ikuwe juu. Mugongo yangu haiinamake tena."

Mimi nilitaka kambi ijengwe nyuma ya nyumba, watu wasione. Papa akakataa kabisa. Kambi haifichwi, akasema. Ukiificha watu watadhani tuna haya. Itakaa mbele, kando ya njia, kila mpita njia aione. Mume wangu na kaka yake wakakata miti ya mkaratusi, wakaezeka majani, wakajenga meza ya mawe na udongo inayofika kiunoni, na juu yake mafiga matatu, ili mzee apike amesimama. Juu ya moto wakaning'iniza uchanja wa kukaushia samaki. Kutoka mlangoni mpaka kambini wakafunga mianzi mirefu kama ukingo wa daraja, ya kushikilia, kwa sababu udongo wetu mvua ikinyesha unateleza kuliko sabuni. Mbuzi wenyewe huku wanashuka wamekaa.

Neno kambi kwetu limechafuka, nakubali. Wengi wetu tumelala kwenye makambi ya hema, tumepanga foleni ya maji, tumerudi, tumekimbia tena, tumerudi tena. Jirani mmoja alipomsikia Papa akisema kambi, akakunja uso. Papa akamwambia: "Ile yenu haikuwa kambi, ile ilikuwa mateso. Kambi njo hii."

Aliyebaki ni Dada. Alisimama mbele ya ile meza ya udongo, mikono kiunoni.

"Unataka bamama ba kanisa baniimbe nyimbo ya kunicheka? Mutu akipita akiona Papa anapuliza moto, atasema bakwe yake bawili balikufa, ao balilaaniwa. Weye uko na masomo, hawatakusema. Watasema miye!"

"Dada, muganga alisema..."

"Muganga atakuya kunitetea kwa kisima?"

Na siku ya kwanza ya moto wa kambi, Dada akaja na sahani. Nilidhani nimeziona sahani zake zote, lakini ile ilikuwa mama wa sahani zote. Mawese yalimeremeta mpaka kuku wakafumba macho. Akapiga magoti ukingoni mwa kambi, akainua kifuniko, akasubiri.

Papa hawezi kurudisha sahani. Akiila, kambi imekufa siku ile ile ya kuzaliwa. Akiikataa, Dada ameaibishwa mbele ya njia nzima.

Papa akainua mkono, taratibu, kama padri.

"Simama pale, mama. Chakula ya mugini, ya kijijini, haiingiake mu kambi. Ikiingia, mitego haishike kitu."

Dada akapepesa macho. "Papa, uko na mitego wapi?"

"Ile ni siri ya wawindaji."

"Lakini Papa..."

"Chakula yako ni nzuri sana, mama. Njo maana nyama ikiisikia inakimbia. Lakini kitu kibichi inaingiaka. Uniletee sombe yenye haiyapikwa. Ya mukono yako. Hakuna mutu anatwangaka sombe kama weye."

Mpaka leo sijui kama sheria ile iko kweli Walikale au aliizua pale pale moshi ukimwingia machoni. Nimemuuliza mara nyingi, anacheka tu. Dada aliinuka na sahani yake, akaondoka mgongo ukiwa umenyooka, na hakunisemesha karibu juma zima. Lakini kesho yake asubuhi, juu ya meza ya kambi, kulikuwa na kifurushi cha sombe mbichi, iliyotwangwa laini kama unga.

Niseme ukweli kuhusu chakula cha kwanza cha Papa: mbwa wa jirani alikinusa, akatutazama kwa huruma, akaenda zake. Samaki alikuwa mkaa kwa nje na kwa ndani alikuwa bado anaogelea. Mikono ilikuwa imesahau. Papa alikula peke yake, akiguna kwa raha, na jasho usoni. Siku zilizofuata mikono ikaanza kukumbuka. Akagundua majani yapi ya huku yanafanana na ya Walikale, akawa anayafuata kwenye bonde, mkono mmoja kwenye fimbo. Kwa maji tulimpa kibidoni, yaani kidumu kidogo cha mafuta ya kupikia, na akawa anakwenda kisimani mwenyewe, anarudi mwenyewe. Mwanzoni alipumzika chini ya mkaratusi kwa sababu ya miguu. Baadaye alipumzika pale pale kwa sababu ya kupiga soga.

Mimi na Dada hatukwenda mbali. Tulijifunza kutazama moshi. Asubuhi moshi ukipanda kutoka kambini, tunajua Papa ameamka, tunaendelea na kazi. Ukichelewa kidogo, utatuona sote wawili tukitoka, kila mmoja akijifanya anatafuta kuku.

Kilichomgeuza Dada hakikuwa mimi. Chini ya njia kuna mama mfanyabiashara, mtu wa Butembo, Mkatoliki wa kweli, mwenye duka la sabuni, misumari na kila kitu. Alipita, akamwona Papa akigeuza vifurushi vya majani juu ya makaa, akasimama.

"Papa! Bakwe bako bamekuacha?"

"Mama, unaniona mu jiko ao mu kambi?"

Yule mama akatazama nguzo, uchanja, majani. "Mu kambi."

"Na mwanamuke anafanyaka kazi gani mu kambi ya wawindaji?"

"Hakuna, Papa."

"Basi upite pole pole, usinikimbizie nyama."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akaenda na ile hadithi dukani, na dukani habari inauzwa haraka kuliko sabuni. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, wamama walimzunguka Dada. Niliona uso wake umekaza, anangoja kuimbwa. Kumbe walikuwa wanauliza. Mmoja baba mkwe wake hainuki kwenye kiti, mwingine mama yake miguu imevimba, namna gani mlifanya? Dada akanitazama upande, akakohoa kidogo.

"Ee, tulimujengea kambi," akasema. "Moto inakuwa juu, sababu ya mugongo. Na sombe ninamupelekea mbichi. Muzee lazima ajifanyie, bamama, musimukalishe."

Nilimwachia utukufu wote. Nilitaka kucheka mpaka mbavu zikaniuma siku tatu.

Maharage yakavunwa. Kaka Mukubwa akaja, kama alivyosema.

Tulimsikia kutoka mbali, yeye kwanza na pikipiki baadaye. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga kamba mpya, na koti zito la kumkinga Papa upepo wa njiani. Akazima injini mbele ya kambi, akabaki ameketi juu yake, mdomo wazi. Papa alikuwa amesimama mbele ya moto, anafunga kifurushi cha majani kwa uzi wa mgomba.

"Munamupikisha Papa?" Kaka akatugeukia mimi na Dada, na ndege wa mkaratusi wote wakaruka. "Bakwe bawili, na Papa anapika?"

Nilifungua mdomo, Dada akaniwahi. "Shemeji, ushuke. Chakula iko karibu kuiva."

"Ikala," Papa akamwambia mwanawe, akimwonyesha gogo. "Hakuna mutu anasimamaka mu kambi mikono tupu. Shika hii."

Na mfanyabiashara mkubwa wa Bweremana akajikuta ameshika pilipili. Papa akafungua kifurushi, mvuke ukatoka, akampakulia mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Kaka alikuwa na nywele nyeupe kidogo karibu na masikio, na katika maisha yake yote baba yake hakuwahi kumpakulia. Alikula kidogo kwa heshima. Halafu akala bila heshima.

"Hii sambaza ilitoka wapi?"

"Kwako. Njo ile unaletaka."

"Yangu haikuwake na utamu hii!"

"Sababu muke yako anaiua na chumvi. Umusalimie."

Tulicheka sote, hata Kaka. Kisha akaweka sahani chini, na sauti yake ikashuka mpaka ikawa kama ya mtu wa kawaida. "Papa. Na ukianguka?"

Papa hakucheka. "Nitaanguka. Hata Bweremana nitaanguka. Lakini hapa, moshi ikikosa asubuyi, hawa wawili wanakuya na mbio. Wanasemaka wanatafuta kuku." Nasi tulidhani alikuwa hajui. "Dawa ya muganga ninameza. Miguu yangu uitazame mwenyewe. Twende kwa maji."

Akachukua kibidoni chake, akashika mwanzi, akashuka. Kaka akafuata. Mimi na Dada tulibaki juu tukitazama, na Dada alikuwa amenikamata mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Walishuka wakapotea. Baadaye tukamwona Papa akipanda, polepole, kibidoni mkononi, fimbo mkono mwingine. Nyuma yake Kaka, ambaye kazi yake ni kukaa nyuma ya mabeseni ya samaki tangu asubuhi hadi jioni, alikuwa anapumua kama lori la viazi likipanda kutoka Ngungu. Kwenye mkaratusi Papa akasimama kumngoja. Sikusikia walichosema pale. Walikaa muda. Niliona tu Papa akielekeza kidevu upande wa migomba, na Kaka akavua kofia yake.

Walipofika juu, Kaka alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki. Akafungua ile kamba mpya, akaikunja. Akachukua lile koti zito, akalitundika kwenye msumari wa kambi.

"Asubuyi baridi iko mingi huku," akasema bila kumtazama mtu. "Uvae ukiwasha moto." Halafu akatugeukia, na sauti ya soko ikarudi. "Nyinyi wawili! Siku moja moshi haitoke na simu yangu haipigwe, nakuya, nabeba Papa na kambi yake yote!"

"Sawa, shemeji," tukajibu.

Akakaa juu ya pikipiki, mguu tayari kwenye pedali ya kuwashia. Papa alikuwa anatazama masufuria, sahani, mwiko, majivu. Dada naye akayatazama.

"Papa," akauliza kwa upole mkubwa, "kule Walikale, wanaume tupu, nani alikuwa anaosha vyombo?"

Papa akafikiri. Au alijifanya anafikiri.

"Mutu mwenye alifika wa mwisho."

Tulimtazama tu Kaka, wote watatu. Alijaribu kututazama na yeye, akashindwa. Akashusha mguu. Akavua saa, akaiweka juu ya tenki, akakunja mikono ya shati lake jeupe, na Papa akamsogezea majivu ya kusugulia.